Keane yupi? Roy au Robbie, kwa kijana anayetafuta wa kumfuata

Mpwa wangu ana miaka 16, anacheza namba sita, yaani kiungo wa kukaba, na wiki iliyopita alinitumia ujumbe mfupi: "Shikamoo mjomba. Kocha kasema nikamwangalie Keane. Sasa Keane yupi?"

Ana haki ya kuuliza. Ukiandika jina hilo kwenye simu wanakuja wawili, wote wa Jamhuri ya Ireland, wote walivaa kitambaa cha unahodha wa taifa lao, wote walipita Celtic, klabu ya Uskoti, kwa nusu msimu. Hawana undugu. Roy ni wa Cork, kusini. Robbie ni wa Tallaght, pembeni mwa Dublin. Wamepishana miaka tisa kasoro mwezi. Rika la mpwa wangu linamjua Roy kama mzee mwenye ndevu anayewanunia wachezaji kwenye televisheni, na Robbie halimjui kabisa, jambo linaloniuma kidogo.

Kocha wake bila shaka alimaanisha Roy, kiungo, kwa sababu namba sita hatumwi kwa mshambuliaji kama Robbie. Lakini ukiwaweka hawa wawili sambamba unapata kitu zaidi ya nafasi za uwanjani. Mmoja alitulia, mwingine alihama. Na kila kijana anayecheza mpira kwa nia, pamoja na mzazi wake, siku moja atakaa mezani na swali hilo. Msimamo wangu nautoa mapema, ili asiyetaka kufika chini aondoke nao: Roy ni wa kutazama, Robbie ni wa kuiga.

Mlango wa kuingilia

Roy alichelewa. Akiwa kijana wa Rockmount, klabu ya watoto ya Cork, alikuwa mfupi, na timu za Uingereza zilichukua wenzake zikamwacha. Mwaka 1989 akaangukia Cobh Ramblers, timu ndogo ya bandarini ambako mpira ulikuwa nusu kazi. Hapo ndipo Nottingham Forest walipomwona, wakalipa pauni 47,000 mwaka 1990. Fedha hiyo hata kwa wakati ule ilikuwa ndogo. Kocha Brian Clough akampanga mechi yake ya kwanza ya ligi Anfield, dhidi ya Liverpool waliokuwa mabingwa watetezi. Kijana wa miaka 19, wiki chache tu tangu ashuke kwenye ndege.

Robbie aliwahi. Wolves walimchukua akiwa bado mtoto, na Agosti 1997, akiwa na miaka 17, alicheza mechi yake ya kwanza dhidi ya Norwich akafunga mawili. Miaka miwili baadaye Coventry wakalipa pauni milioni 6, bei ambayo hakuna kijana chini ya miaka 20 aliyewahi kununuliwa nayo Uingereza hadi siku hiyo.

Kwa hiyo kama una miaka 18 na hakuna aliyekupigia simu, hadithi ya Roy ndiyo ya kulalia nayo. Ila usisahau kwamba wale wengine walioachwa pamoja naye, ambao hawakupata Cobh yao, hakuna anayewaandika.

Aliyekaa

Manchester United walimnunua Roy Julai 1993 kwa pauni milioni 3.75, rekodi ya Uingereza wakati ule, baada ya Forest kushuka daraja. Alikaa miaka kumi na miwili na zaidi chini ya kocha mmoja, Alex Ferguson. Mechi 480, mabao 51, mataji saba ya ligi, Kombe la FA mara nne, Ligi ya Mabingwa moja. Mwaka 2000 wachezaji wenzake walimchagua mchezaji bora wa mwaka, na waandishi wa habari nao wakamchagua.

Orodha hiyo haionyeshi alichokuwa anafanya uwanjani. Kwa hilo nenda Turin, 21 Aprili 1999, marudiano ya nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Juventus. Mechi ya kwanza Old Trafford iliisha 1-1. Dakika 11 tu za mwanzo Filippo Inzaghi wa Juventus alikuwa ameshafunga mawili. Wengi tuliokuwa tumebanana kwenye kibanda siku ile tulianza kutafuta ndala zetu. Dakika ya 24 Beckham anapiga kona, Roy anatokea mbele ya mabeki wote na kuugeuza mpira kwa kichwa. Hashangilii. Anarudi zake katikati kwa mbio ndogo, kama mtu aliyesahau kufunga mlango.

Dakika kama tisa baadaye mwenzake Blomqvist anampa pasi mbovu, mpira unamkwepa, anamkwatua Zidane wa Juventus. Kadi ya njano. Kwa kadi hiyo alijua pale pale kwamba hata timu ikifika fainali yeye hatacheza. Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Mwangalie miguu, usimwangalie uso: pasi inayofuata ni fupi, imenyooka, inakwenda kwa mwenzake aliye huru. Inayofuata vilevile. Yorke akasawazisha karibu mara moja, na mwishoni Cole akamaliza kazi, 3-2. Fainali ya Barcelona dhidi ya Bayern, Roy aliitazama akiwa na suti.

Mpwa wangu akimtazama Roy, ninachotaka aone ni hicho. Watu wengi hutazama yale makwanja na makelele, wakadhani ndiyo namba sita. Makelele yalikuwa mapambo. Kazi ilikuwa kusogea hatua tatu kabla mpira haujafika.

Halafu kuna upande wa pili wa mtu huyo, na hapa ndipo ninaposita kumwambia mtoto wa dada yangu amwige. Septemba 1997, uwanja wa Leeds, Roy alijirusha kumkwatua Alf-Inge Haaland akachana kano za goti lake mwenyewe. Akiwa chini, Haaland akamsimamia juu akimshutumu kwamba anajifanya. Msimu wote uliobaki ukampita, na United wakaukosa ubingwa mbele ya Arsenal. Roy hakusahau. Aprili 2001, kwenye mechi ya watani wa Manchester, alimkanyaga Haaland gotini mbele ya mwamuzi na kutolewa kwa kadi nyekundu. Mwaka uliofuata akaeleza kwenye kitabu cha maisha yake kwamba alidhamiria, na chama cha soka cha Uingereza kikamtoza pauni 150,000 na kumfungia mechi tano. (Ndiyo, ni baba yake Erling Haaland, mshambuliaji maarufu. Siku ya tukio lile Erling alikuwa hajatimiza hata mwaka.)

Na ule utulivu wa miaka kumi na miwili uliishaje? Oktoba 2005 United walifungwa 4-1 na Middlesbrough. Roy, akiwa majeruhi, alikwenda kwenye televisheni ya klabu akawachambua wenzake kwa majina. Mahojiano hayakurushwa. Ijumaa ya tarehe 18 Novemba ikatangazwa kwamba ameondoka. Nahodha, mataji yote yale, na mwezi haukufika. Wanaosema kukaa sehemu moja ni usalama waitazame tarehe hiyo.

Aliyehama

Hesabu klabu za Robbie: Wolves, Coventry, Inter Milan, Leeds, Tottenham, Liverpool, Tottenham tena, Celtic, West Ham, LA Galaxy, Aston Villa, na mwisho ATK ya Kolkata, India. Mtu akiziona anasema huyu hakutulia, tamaa ya fedha. Mimi nasema soma moja moja.

Inter walimnunua mwaka 2000 kwa pauni milioni 13, akiwa na miaka 20. Aliyemtaka ni kocha Marcello Lippi. Lippi akafukuzwa baada ya mechi moja tu ya ligi. Robbie akabaki kama mgeni aliyealikwa, akafika akakuta mwenyeji kahama. Kufikia Desemba alikuwa Leeds kwa mkopo. Leeds wakamnunua moja kwa moja, lakini klabu ilikuwa imekopa kuliko uwezo wake, na Agosti 2002 ikamuuza Tottenham kwa pauni milioni 7 ili madeni yapumue. Hapo kosa la mchezaji liko wapi?

Mwaka 2008 akaenda Liverpool kwa karibu pauni milioni 20, akapewa jezi namba 7, na Februari 2009 akarudishwa Tottenham. Nusu msimu, mabao saba. Hilo nalo watu hulichekea. Lakini ukimlinganisha na vijana wengi waliosugua benchi kwenye klabu kubwa kwa miaka minne wakisubiri kocha abadili mawazo, Robbie alifanya kitu cha maana: aliona hapangwi, akaondoka kucheza.

Na popote alipofika alifunga. Mabao 126 kwenye Ligi Kuu ya Uingereza. Mabao 122 kwa Tottenham peke yake, katika mashindano yote. Kikombe kimoja tu cha Uingereza, Kombe la Ligi la 2008 mbele ya Chelsea. Kama unachagua kwa kuhesabu makombe, basi huna haja ya kuendelea kusoma, Roy kashinda asubuhi.

Celtic ndiko mzaha wa mpira unakoonekana wazi. Roy alifika Januari 2006 na mechi yake ya kwanza wakafungwa na Clyde, timu ya daraja la chini, wakatupwa nje ya Kombe la Uskoti. Robbie alifika Februari 2010 na mechi yake ya kwanza wakafungwa na Kilmarnock. Roy, mwili ukiwa umekwisha, alicheza mechi chache akastaafu na medali mbili mpya, ya ligi na ya Kombe la Ligi. Robbie akafunga mabao 16 katika miezi minne, akaondoka mikono mitupu.

Marekani ndiko alikopata vikombe. Alijiunga na LA Galaxy Agosti 2011, akiwa na miaka 31, umri ambao wengi walikwenda kule kula mshahara na kupiga picha ufukweni. Yeye alitwaa ubingwa wa MLS, ligi kuu ya kule, mwaka 2011, 2012 na 2014. Mwaka huo wa mwisho ndiye aliyechaguliwa mchezaji bora wa ligi, na ndiye aliyefunga bao la ushindi kwenye fainali dhidi ya New England, dakika za nyongeza.

Saipan

Kuna wiki tatu ambazo njia hizi mbili zilikutana, na ukitaka kuchagua kati yao huwezi kuzikwepa.

Mei 2002 Ireland ilipiga kambi Saipan, kisiwa cha Pasifiki, ikielekea Kombe la Dunia la Japani na Korea Kusini. Mipira na vifaa vya mazoezi vilichelewa kufika. Uwanja ulikuwa mgumu. Roy, ambaye ndiye aliyeibeba timu kwenye kufuzu (tafuta mechi ya Dublin dhidi ya Uholanzi, 1 Septemba 2001, Ireland walishinda 1-0 wakiwa kumi), alichukizwa, akayasema yote kwa gazeti la Irish Times. Kocha Mick McCarthy akaitisha kikao cha timu nzima akiwa na gazeti mkononi. Roy akamjibu mbele ya wote, maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa na mama yake mpwa wangu atasoma. Akarudishwa nyumbani. Nchi nzima ikagawanyika, familia zikabishana mezani.

Baadaye ripoti iliyoagizwa na chama cha soka cha Ireland ilikubali kwamba maandalizi yalikuwa na kasoro. Kwa hiyo Roy alikuwa na haki. Haki hiyo alikuwa nayo nyumbani kwake Manchester, huku mechi zikichezwa Japani.

Robbie alikuwa na miaka 21 na alifanya mazoezi kwenye uwanja ule ule mgumu. Tarehe 5 Juni, Ibaraki, dhidi ya Ujerumani. Kwetu ilikuwa saa nane na nusu mchana, siku ya kazi, na nilitoroka kibaruani kuitazama, nadhani muda umeshapita wa kuadhibiwa. Klose alishafunga kwa kichwa mapema, na mechi ikaingia dakika za majeruhi. Finnan anapiga mpira mrefu kutoka kulia. Niall Quinn, mrefu kama mnazi, anaushusha kwa kichwa. Robbie yuko pale tayari, anautuliza, unadunda mara moja, anaupiga kabla Oliver Kahn hajamfikia. Mpira unamgusa kipa, unagonga mwamba, unaingia. Dakika ya 92. Hilo ndilo bao pekee Ujerumani walilofungwa mashindano yale hadi walipokutana na Brazili kwenye fainali. Kisha ile sarakasi yake: mkono chini, miguu hewani, mviringo wa pili, na kupiga mshale wa kufikirika.

Akafunga tena dhidi ya Saudi Arabia. Dhidi ya Hispania hatua ya 16 bora, dakika ya 90, penalti ya kusawazisha, baada ya Ian Harte kukosa ya kwanza. Aliuweka mpira chini na kuupiga kama yuko mazoezini. Zilipokuja penalti za kuamua mshindi akatangulia akafunga tena, ila wenzake watatu wakakosa na Ireland ikarudi nyumbani.

Sisemi Roy angewavusha. Nasema mmoja alikuwepo.

Kuwepo ndiko kulikomfikisha Robbie kwenye namba ambazo sioni Mwairelandi akizifikia karibuni: mechi 146 na mabao 68 kwa taifa. Roy ana mechi 67. Hata Paris, Novemba 2009, usiku ambao dunia inakumbuka tu mkono wa Thierry Henry uliogusa mpira kabla ya bao la Ufaransa, bao la Ireland lililowapeleka Wafaransa dakika za nyongeza lilikuwa la Robbie.

Basi uchague nani

Mpwa, wewe ni namba sita, kwa hiyo mechi zako za kutazama ni za Roy. Turin kwanza. Ila mtazame kama unavyotazama fundi mkali: chukua ufundi, ule ukali muachie mwenyewe. Yeye aliweza kuwa vile kwa sababu alikuwa na kocha mmoja aliyemwamini miaka kumi na miwili na timu iliyokuwa inashinda. Kijana mwenye ulimi wa Roy kwenye timu inayofungwa hupangwa mara mbili, ya tatu haipo.

Kama rafiki yako ni mshambuliaji, Robbie, bila mjadala. Hakuwa mrefu, hakuwa na kasi ya kutisha. Aliishi kwenye nafasi ndogo kati ya beki na kiungo, akishuka kuufuata mpira na kugeuka. Hicho ni kitu kinachofundishika.

Na siku baba yako na mimi tutakapokaa na mtu mwenye mkataba, tutazungumza habari za Robbie. Tutauliza nani hasa anakutaka, kocha au mwenye klabu. Tutauliza klabu inadaiwa kiasi gani. Tutauliza kama mkopo unaruhusiwa usipopangwa. Maswali yote hayo Robbie ameshatulipia karo.

Kwenye ukocha sitakaa sana. Roy aliipandisha Sunderland mwaka 2007 kama bingwa wa daraja la pili, Ipswich wakamfukuza Januari 2011, na sasa kazi yake ni kuongea. Robbie amechukua ubingwa wa Israel na Maccabi Tel Aviv mwaka 2024, na wa Hungaria na Ferencváros mwaka 2025. Bado anahamahama, kama unavyoona.

Ukimaliza Turin na Ibaraki, na bando likibaki, tafuta mechi moja ya kirafiki ambayo haina uzito wowote: Dublin, 31 Agosti 2016, Ireland dhidi ya Oman. Binamu zako wa Muscat hawaipendi, walifungwa 4-0. Ilikuwa ya mwisho kwa Robbie, miaka 36, kitambaa mkononi, na akafunga kwa mpira wa juu alioupiga bila kusubiri utue. Kocha msaidizi wa Ireland wakati huo alikuwa Roy.